Mrejesho: Maganda ya risasi ya Mahiwa
Wakuu habari zenu, nimerudi. Niliuliza nisafisheje maganda ya risasi na chuma cha mkanda vilivyookotwa shambani kwa babu huku Mahiwa, Lindi, walipopigana Wajerumani na Waingereza Oktoba 1917. Mdau uliyesema niloweke kwenye mafuta ya taa kisha nisugue na mswaki laini, ubarikiwe sana, udongo wote umetoka na ile rangi ya uzee imebaki, na ushauri wa kuangalia kitako cha ganda umenisaidia kweli, yenye ukingo uliotokeza ni ya .303, risasi za bunduki za Waingereza, yasiyo nao ni ya Mauser, bunduki za Wajerumani. Chuma cha mkanda ndo hivyo, kutu ilishakila, kikakatika vipande viwili, imeniuma jamani. Ile risasi nzima isiyofyatuliwa, iliyokuwemo pia, sikuigusa kama mlivyosema, polisi wameichukua. Asanteni mno.