Mbunifu wa samani za ofisi: aanze kwa kuajiriwa au kujitegemea?

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Ninakaribia kuhitimu masomo ya ubunifu wa bidhaa, na nimevutiwa zaidi na samani za ofisi, hasa viti. Nikisoma wasifu wa wabunifu waliofanikiwa sioni njia moja iliyonyooka. Je, ni busara kuanza kwa kuajiriwa na kampuni ya samani, au nifungue ofisi yangu mapema? Na mbunifu wa kujitegemea hulipwaje, ikiwa kiti kinatengenezwa na kuuzwa na kampuni nyingine?

Jibu la 1

Ni kweli kwamba njia ni nyingi. Florence Knoll alisomea usanifu majengo, na kazi yake ilihusu mpangilio wa ofisi nzima kabla ya samani moja moja. Robert Propst, ambaye mfumo wake wa samani za ofisi, Action Office wa 1964 na toleo lake la 1968 ndio uliozaa vizimba vya ofisini, yaani meza zilizozungushiwa kuta fupi (matokeo ambayo mwenyewe hakuyafurahia), aliwahi kuwa mchongaji na mwalimu wa sanaa.

Hata hivyo, ningekushauri uajiriwe kwanza. Mchoro mzuri wa kiti ni sehemu ndogo ya kazi. Iliyobaki ni kalibu, viungo, skrubu na majaribio. Katika majaribio ya viwango vya BIFMA, chama cha watengenezaji wa samani za ofisi cha Marekani, mzigo huangushwa juu ya kikalio mara 100,000, na ukishaona mahali ufa unapoanzia, utachora kiti kinachofuata kwa namna tofauti kabisa. Mambo hayo hujifunzwa kwa kukaa karibu na mafundi na wahandisi, tena kwa mshahara wa mwajiri.

Usiogope pia kwamba utachelewa. Niels Diffrient alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mbunifu wa bidhaa Henry Dreyfuss, ambako alishiriki kuandaa majedwali ya vipimo vya mwili wa binadamu, na kiti chake cha Freedom kilitoka 1999, akiwa na umri wa takriban miaka 70. Ukiegemea nyuma kwenye kiti hicho, uzito wako mwenyewe ndio unaoleta ukinzani, kwa hiyo hakuna haja ya kitasa cha kukaza au kulegeza egemeo. Wazo hilo linaonekana jepesi, lakini mtu asiyeujua mwili kwa vipimo hawezi kulifikia.

Jibu la 2

Kuhusu malipo: kwa kawaida ni mrabaha, yaani asilimia ya mauzo, na mara nyingi huhesabiwa kwa bei ya kiwandani, wala si ile anayolipa mnunuzi wa mwisho. Tatizo ni kwamba kiti huchukua miaka kutoka kwenye mchoro hadi sokoni, na katika muda huo mrabaha haupo. Kwa hiyo jadili malipo ya awali, na soma kwa makini kifungu kinachoeleza haki za muundo zitakuwa za nani endapo kampuni itaahirisha au kufuta mradi. Aliyeajiriwa hana wasiwasi huo, ingawa kiti kikitamba, jina lake huenda lisitajwe popote.

Jibu la 3

Naona mnazitenganisha njia hizi mno. Mbunifu Bill Stumpf aliajiriwa na kampuni ya samani ya Herman Miller 1970, akafungua ofisi yake miaka michache baadaye, na bado kiti chake cha Ergon cha 1976 kilitengenezwa na kampuni hiyo hiyo. Pamoja na mbunifu mwenzake Don Chadwick aliibunia pia kiti cha Equa, kisha Aeron ya 1994. Sehemu ya mawazo ya Aeron ilitokana na mradi wa kiti cha wazee ambao haukufika sokoni. Kwenye Aeron waliondoa sponji, wakaweka wavu unaopitisha hewa, na wakaitoa kwa saizi tatu.

Kwa hiyo, mleta mada, chagua kampuni ambayo ungependa ibaki kuwa mteja wako siku utakapoondoka. Na unapoomba kazi, peleka kiungo kimoja ulichokitengeneza kwa mikono yako, kikiwa kimefunguliwa ili waone ndani. Picha za kompyuta zinazong'aa wanazipokea kila siku.