Naomba ushauri: nichore cha moyoni ama kinachouzika?

Salaam wadau, mie mchoraji hapa Lamu, nachora kwenye matanga makuukuu ya majahazi, ile marudufu ishachakaa mabaharia hawaitaki tena, ina viraka na madoa ya chumvi na mie ndo naipenda hivo hivo, siifuti kitu. Tabu ni watalii wakija wataka punda na jahazi jua likizama, basi, na hizo ndo zanilipia kodi wallahi. Lakini kinachonishikisha brashi ni mambo mengine, wazee wa barazani, wavuvi wetu na bahari yao tangu bandari mpya ianze kazi 2021. Nina picha ya mzee ashona wavu, nimechora mikono tu, vidole na sindano, uso sijatia, kila mtu aniuliza mbona haijaisha. Imeisha jamani! Mamangu asema chora punda ule. Sasa nyinyi mulio kwenye fani mwafanyaje, mwagawanya siku ama za biashara mwatia jina lengine? Na hizi za moyoni naziwekaje bei, maana mtu akiipenda kikweli nakaribia kumpa bure.