Mrejesho: boti ya kulala kwa safari ya kuzamia Pemba

Asalaam aleikum wakuu. Niliuliza nichukue ipi kuzamia Pemba: boti kubwa ya kulala yenye viyoyozi, au ndogo isiyo na makeke. Nimechukua ndogo.

Vyumba finyu, choo mnapokezana. Lakini nahodha alijibu maswali mliyonipa bila kuzunguka. Oksijeni ya dharura ipo, akafungua mtungi nikaona geji. Na kidau cha injini hubaki juu kikifuata mapovu ya wazamiaji mpaka wa mwisho atoke. Wale wa boti kubwa nilipowauliza hayohayo walinitumia picha za chakula. Chakula!

Aliyesema nisubiri maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo na mkondo hupoa, Mungu akuzidishie. Mlango wa Njao, ule upenyo wa bahari kaskazini-magharibi mwa Pemba, mkondo ulivuta hata hivyo, sembuse wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, ndiko tulikofaidi: ukuta unashuka mpaka gizani, matumbawe mazima, kasa hawana habari na mtu.

Mwenye ndege ya kurudi aache angalau saa 18 baada ya mbizi ya mwisho, gesi iliyoingia mwilini itoke kwanza, kama mlivyosema. Mimi nilipanda meli Mkoani.