Medali za babu wa Keya: nizivae vipi bila kujitafutia balaa?

Mjukuu_wa_Keya:
Wadau, hamjambo. Marehemu babu alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), akapigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Juzi shosho amenikabidhi mkebe wa biskuti: mna nyota mbili za rangi ya shaba na medali moja ya mviringo, zote kwenye pini moja. Koti lake la jeshi na kofia yenye beji navyo vipo. Novemba kuna ibada ya kumbukumbu kwenye makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi. Shosho anataka nivae kila kitu, "babu yako aonekane." Mimi naogopa. Binamu yangu alishikwa kwa suruali ya madoadoa kama ya jeshi aliyonunua mtumbani, akalala ndani, akarudi nyumbani na kaptura ya kuazima. Nifanyeje?

Afande_Mstaafu:
Kijana, medali vaa, ila kifua cha kulia. Kushoto ni kwa aliyezipata mwenyewe. Ukivaa kulia, kila mwanajeshi atajua ni za mzee wako. Mpangilio usiuguse. Anayekutazama aanze kuona, kutoka kushoto kwake, Nyota ya 1939-45, kisha ya Burma (utepe wake una mstari mwekundu katikati, pembeni buluu iliyokoza na rangi ya chungwa), medali ya mviringo mwisho. Na tafadhali usizisugue kwa majivu! Nimeona watu wakifuta mpaka sura ya mfalme.

Kiboko_Ngara:
Koti je? Keya iliisha 1963, ikawa Kenya Rifles. Sare ya jeshi lisilokuwepo ina kosa gani?

Afande_Mstaafu:
Kiboko, hayo utamweleza nani usiku kwenye kizuizi? Kanuni ya Adhabu inakataza raia kuvaa sare ya jeshi, hata nguo inayofanana nayo au yenye alama zake. Waigizaji jukwaani wameruhusiwa. Wewe huigizi.

Mama_Kariokor:
Mwanangu, vaa suti. Ua jekundu la kumbukumbu weka kushoto, medali kulia. Kofia usiivae, hiyo beji ndiyo itakayokuponza. Sisi wa Kariokor hata jina la mtaa wetu limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, na wengi wao hawana kaburi wala medali. Wewe una mkebe mzima, shukuru.

Mjukuu_wa_Keya:
Asanteni sana. Suti ninayo, ile ya harusi, ila pini ni nzito, inavuta kitambaa.

Mama_Kariokor:
Mwambie fundi ashonee kipande cha turubai ndani ya koti, nyuma ya pini. Dakika kumi tu.

Mjukuu_wa_Keya:
Nimempa shosho habari. Alinuna kidogo, kisha akaichukua ile kofia, akaipangusa vumbi kwa leso yake na kuitundika ukutani juu ya televisheni. Amesema kama haiendi Ngong Road, basi kila mgeni aikute hapo.