Naomba ushauri: mama anawekewa dawa ya mshipa nyumbani

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana maambukizi kwenye mfupa wa mguu, na daktari kamruhusu amalizie seftriaksoni (antibiotiki) nyumbani, mara moja kwa siku kupitia kanula, kile kimrija kinachoachwa kwenye mshipa wa mkono. Nesi anakuja kila jioni. Tulishaonywa dawa hii isichanganywe na dripu ya Ringer kwa sababu ya kalsiamu iliyomo kwenye dripu hiyo, hilo tunalizingatia. Kinachonitia hofu ni mkono. Plasta inalegea akioga, na leo pembeni ya kanula pamekuwa pekundu, ukipagusa anashtuka. Nimemwomba nesi asipitishe dawa hapo, aitoe aweke mkono mwingine. Mliouguza nyumbani, kanula mlikuwa mnaikingaje isilowe? Na sindano zilizotumika mlizipeleka wapi? Nina watoto wadogo, kuziweka kwenye chupa tupu ya maji sikuamini kabisa.