Kupandisha ghorofa Shella au kununua ploti nje ya Malindi: lipi bora?

MtuWaBarani
Assalaam aleikum wanabaraza. Kuna uamuzi wa kukata kabla ya mwezi kwisha, maana muuzaji anadai arubuni. Njia ya kwanza ni ploti ya 50 kwa 100 upande wa Ganda, shamba lililokatwakatwa, bei ya kuridhisha. Ya pili ni kupandisha ghorofa moja juu ya nyumba ya mama, Shella hapa Malindi. Pesa zinatosha kimoja tu na familia ni kubwa. Wenye ujuzi nishaurini.

Fundi_Vipimo
Waleikum salaam. Ndugu, hujatuambia kitu bado. Kuta za nyumba ya mama ni inchi 6 au 9? Msingi umekaa juu ya nini, mwamba wa matumbawe au mchanga? Paa la sasa ni makuti, mabati au slabu ya zege? Familia kubwa ni watu wangapi? Na ploti ina hati yake au ingali ndani ya hati mama, ile ya shamba zima kabla ya kukatwa?

Bi_Hatimiliki
Kabla ya hayo yote: mama ana nyumba na ardhi, au ana nyumba peke yake? Pwani yetu nyumba zisizo na ardhi ziko tele. Kuta ni zako, chini unamlipa mwenye ardhi kodi. Kama ndivyo, ghorofa utakuwa unamjengea yeye. Kaunti huuliza hati, au idhini ya maandishi ya mwenye hati, ndipo ipitishe ramani. Benki nayo haikopeshi kwa nyumba iliyokaa juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Mkulima_Mtangani
Yakhe, nunua ploti. Ardhi ni ardhi. Utapanda miembe, utafuga kuku, watoto watapata uwanja. Hapo mjini mnabanana mpaka mtu akipiga chafya jirani ajibu. Hizi ghorofa juu ya nyumba kuukuu mimi siziamini hata kidogo.

Ramani_Mezani
Mkulima, huo uwanja una gharama isiyoandikwa kwenye mkataba. Ploti yenye futi 50 kwa mbele inadai mita 15 za barabara, za bomba na za nyaya. Mkae familia moja hapo, hizo mita 15 zote ni zenu. Ploti ya mjini yenye upana uleule, ikiwa na familia 4 chini na juu, kila moja inabeba chini ya mita 4. Ndiyo maana maji hufika Shella kabla ya kufika kwenye shamba lililokatwa juzi. Bomba la kutoka chanzo cha maji cha Baricho linagawiwa Malindi, Watamu, Kilifi hadi Mombasa, na kila tawi jipya refu linapunguza nguvu ya maji kwa walio mwisho wa mstari.

Mkulima_Mtangani
Hesabu yako ina kasoro. Nyumba ziko pande zote mbili za barabara, kwa hiyo gawa kwa mbili.

Ramani_Mezani
Sawa, gawa. Ganda mita 7 na nusu, mjini chini ya 2. Uwiano ni uleule.

Bi_Hatimiliki
Kuhusu hiyo ploti, kama shamba ni la kilimo, mauzo yanahitaji kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Kugawa nako kuna kibali chake. Usitoe arubuni kwa kuonyeshwa vigingi tu, vigingi hata kijana wa jembe anaweza kuvichomeka. Chukua namba ya hati mama, fanya ukaguzi wako mwenyewe kwa msajili, uone jina, rehani na zuio. Halafu mwombe mpima aliyesajiliwa akuonyeshe mgawanyo uliopitishwa. Barabara iliyochorwa mita 9 uikute mita 9 chini pia. Wakataji wa mashamba hupenda kuirudisha futi 12 ili waambulie ploti moja zaidi, na baadaye gari la kunyonya choo haliingii.

MtuWaBarani
Shukrani. Hati ya Shella ipo, jina la mama, ardhi na nyumba. Kuta za nje ni inchi 9, za ndani 6, mawe ya kukata. Paa ni mabati. Msingi sijui. Tuko 11 tukihesabu watoto. Ploti bado iko kwenye hati mama, muuzaji anasema hati zatoka "hivi karibuni".

Bi_Hatimiliki
"Hivi karibuni" ndilo neno lililowafunga watu wengi. Arubuni yako iwekwe kwa wakili mpaka hati itoke.

Na upande wa Shella pia kuna jambo halizungumzwi mezani. Ghorofa utakayoijenga kwa pesa zako juu ya nyumba ya mama, bila maandishi, siku ya mirathi itahesabiwa mali ya mama na kugawiwa warithi wote. Mkae na ndugu zako sasa, mama akiwa hai, muandikiane mbele ya wakili. Sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu kila ghorofa iwe na hati yake. Ni karatasi nyingi, lakini ni nafuu kuliko kufikishana kwa Kadhi.

Fundi_Vipimo
Haya, sasa tuna cha kuzungumza. Usiulize bei ya simiti kwanza, chimba shimo la majaribio. Mita 1 kwa mita 1, kando ya ukuta wa nje, mpaka uone chini ya msingi. Fanya pembe mbili zisizotazamana, maana Malindi pembe moja inaweza kukaa kwenye mwamba na nyingine kwenye mchanga mwekundu. Pima upana wa zege la msingi na unene wake. Nyumba nyingi za chini zina milimita 600 kwa 200, kipimo cha kubeba paa la mabati tu.

Slabu ya milimita 150 ina kilo 360 kwa kila mita mraba. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni karibu tani 5.8, hujaweka ukuta, vigae wala kitanda. Kuta za inchi 6 za ndani zisibebe hata kona yake.

Kuna nyumba moja mjini, sitaji mtaa, ambayo kila fundi anayetaka kazi hii angepaswa kuitazama. Mwenyewe alikuwa na kuta kama zako, akashauriwa na mpita njia kwamba "mawe ya matumbawe hayashindwi". Slabu ikalazwa moja kwa moja juu ya kuta zote, za 9 na za 6, bila bimu ya kuzunguka. Vyuma vikawekwa kila milimita 300 badala ya 200 ili kuokoa. Mchanga ulitoka ufukweni kwa mkokoteni usiku, na maji ya kuchanganyia yalitoka kisima cha chumvi uani. Miti ya kushikilia slabu ikang'olewa siku ya 7 kwa sababu ilikuwa ya kukodi. Zege la jua kali hukauka upesi juu huku ndani bado bichi, na slabu ikalegea katikati kwa unene wa kidole. Hiyo ilikuwa mwanzo. Nyufa zikatoka kwenye pembe za madirisha, za mshazari, kwa sababu ukuta wa ndani ulikuwa ukizama na wa nje umesimama. Baada ya masika kadhaa chumvi ikafikia vyuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inasukuma zege nje, na vipande vikaanza kuanguka sebuleni. Mhandisi aliyeitwa mwishoni hakuweza kuitengeneza slabu ile. Ilivunjwa yote, na mabati yakarudi.

Kwa nyumba yako njia ninayoiona ni nguzo mpya, zenye misingi yake, zinazobeba ghorofa bila kuziegemea kuta. Misingi ya nguzo kwa nyumba ndogo mara nyingi hutoka mita 1.2 kwa 1.2, lakini kipimo atatoa mhandisi baada ya kuona shimo. Karibu na bahari funika vyuma kwa milimita 40 za zege, usikubali 20. Miti ikae siku 21, maji yamwagwe asubuhi na jioni siku 7 za mwanzo. Slabu ya mita mraba 60 yenye unene uleule wa milimita 150, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto), itakula mifuko kama 58 ya simiti ya kilo 50, slabu peke yake. Mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ramani zipite kaunti.

Kaka_wa_Langoni
Natokea Amu, yaani Lamu. Huku kwenda juu si fasheni mpya. Baba alipomwoza binti, aliongeza ghorofa au akajenga ng'ambo ya kichochoro na kuunganisha kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Kuta za matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita, vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkandaa haivuki zaidi ya mita 2 na nusu hadi 3. Mji ukawa mdogo, kila kitu kwa miguu na punda, na mwaka 2001 ukaingia kwenye urithi wa dunia.

MtuWaBarani, jambo ambalo fundi hakuligusa ni sitara. Ukipandisha Shella, dirisha lako la juu litaangalia uani kwa jirani, na ugomvi utakuwa wa miaka. Inua kizingiti cha dirisha juu ya macho ya mtu aliyesimama upande huo, na ngazi ya nje iweke upande wa barabara. Kamwone jirani kabla hujamwona fundi.

Mkulima_Mtangani
Msitupambie Amu. Mifereji iko wazi, moto ukishika kichochoro zimamoto haipiti, na kila jiwe linapanda punda kwa bei ya punda. Hata nyinyi mnatoka nje ya mji siku hizi.

Kaka_wa_Langoni
Mifereji na moto sikatai. Na kutoka nje ndiko kunakotutisha: vilima vya mchanga vya Shela yetu ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya visima vya Amu. Kila nyumba na choo kinachosogea huko kinakaribia kinywa cha mji.

Maji_na_Choo
Hapo ndipo penye mzizi. Kisima kinatakiwa kikae angalau mita 30 kutoka shimo la kufyonza maji machafu ya choo. Ploti ya 50 kwa 100 ni mita 15 kwa 30. Hata ukiweka kisima pembe hii na shimo pembe ile, shimo la jirani wa nyuma liko pale pale. Na matumbawe yana mianya, maji machafu hayachujwi, yanapita. Ganda ukikosa bomba, usitegemee kisima kwenye ploti ndogo.

Shella nako msijidanganye. Septiki, tangi la maji ya choo, ipimwe upya: lita 180 kwa kila mtu, ongeza 2,000. Watu 11 ni lita 3,980. Fungua mfuniko upime urefu, upana na kina cha maji. Kama ilijengwa kwa watu 5, haitoshi. Na hakikisha haiko chini ya nguzo mpya.

Mvua msiisahau. Malindi hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, paa la mita mraba 100 hukupa kama lita 80,000 ukiondoa zinazopotea. Nyingi huja masika, kwa hiyo tangi la lita 10,000 litajaa na kumwagika, lakini hupunguza bili.

MtuWaBarani
Septiki iko kona ya nyuma, mahali hasa tulipofikiria ngazi. Na ndugu mmoja bado anapendelea Ganda.

Ramani_Mezani
Mwambie apige nauli ya watu 11 kwenda na kurudi kwa mwezi, aiweke kando ya tofauti ya bei.

Mkulima_Mtangani
Si wote 11 wanaokwenda mjini kila siku, jamani.

Fundi_Vipimo
Ngazi tutaihamisha, hilo dogo. Mchanga mtautoa wapi? Mto Sabaki?

Maji_na_Choo
Sabaki juu, si mdomoni, mdomoni una chumvi. Na usafi upimwe: jaza mchanga nusu chupa, ongeza maji yenye chumvi kidogo ya jikoni, tikisa, acha saa 3. Tope la juu likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, rudisha lori.

Fundi_Vipimo
Ukirudisha lori Malindi, nauli unalipa wewe. Chota sampuli kabla hawajapakia.

MtuWaBarani
Shimo la majaribio tunachimba Jumamosi. Arubuni nimemwambia muuzaji asubiri, amekasirika. Kuna anayejua wakili Malindi anayeshughulikia hati za ghorofa?