Naomba ushauri: dada yangu alisahauliwa kitambaa tumboni baada ya upasuaji

Ndugu zangu, hasa mnaofahamu sheria na taratibu za hospitali, naombeni msaada wenu. Mwaka jana dada yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya serikali hapa Dodoma, akaruhusiwa akiwa bado analalamika maumivu, na kila tuliporudi aliandikiwa dawa za kutuliza tu. Baada ya miezi minne alipasuliwa tena kwingine, kikatolewa kitambaa cha kufutia damu. Vitambaa hivyo hupaswa kuhesabiwa kabla ya kidonda kushonwa na hesabu kuandikwa, ndiyo maana niliomba jalada lake. Nikajibiwa kwamba halionekani.

Nimeelezwa kuwa dai la madhara hufunguliwa ndani ya miaka 3, na kwamba Serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90. Je, malalamiko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika yanasimamisha muda huo, au tuyaendeshe yote kwa pamoja? Tutumie njia gani kulidai jalada? Ripoti ya upasuaji wa pili ninayo. Dada hatafuti mtu wa kufungwa. Anataka kuelezwa ukweli, na gharama za matibabu, ambazo zimetumaliza, zirudishwe.